Mshahara wa Kwanza: Mafunzo ya Kazi kwa Vijana Wenye Ulemavu

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na waajiri wa kazi. Tumeyapiga chapa hapa ili wale wasioweza kufika wapate kuyasoma, na yeyote aliye na kijana wa namna hii nyumbani kwake apate kumsomea.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: kijana mwenye ulemavu atokapo shuleni, aende wapi? Juu ya kumpeleka shuleni, wengi wetu tumekwisha kubali. Siku hizi ni haba mtu atakayesimama barazani akasema kwamba mtoto asiyeona, au mtoto kiziwi, hafai kusoma. Lakini kati ya mlango wa shule na mlango wa kazi pana mto, na vijana wengi hufika ukingoni wakiwa na cheti mkononi, wasione kivuko. Basi hurudi nyumbani. Mwaka wa kwanza husema, "Nangojea kazi." Mwaka wa pili hunyamaza. Mwaka wa tatu watu wa nyumbani huwa wamezoea kumwona ameketi pale pale chini ya mti, na ule ufundi aliofundishwa umekwisha kumtoka mikononi.

Hasara hiyo si yake peke yake. Hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019 ilionyesha kwamba watu wapatao 900,000 wenye umri wa miaka 5 na zaidi walikuwa na ulemavu wa namna moja au nyingine, yaani kama watu 2 katika kila 100. Nyuma ya wengi wao yupo mama, au dada, au nyanya, ambaye siku yake yote hupita katika kumtunza. Kijana mmoja wa namna hii akipata kazi, hata ikiwa ni kazi ya chini, watu wawili wamefunguliwa mikono: yeye mwenyewe, na yule aliyekuwa akimlisha.

Tena wahenga walisema, "Hujafa hujaumbika." Mtu aliyelala jana na macho mawili aweza kuamka kesho na hana hata moja. Kwa hiyo shauri hili si la watu fulani walio mbali nasi. Ni shauri letu sote.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wengine hufikiri kwamba mafunzo ya kazi kwa watu wenye ulemavu ni fikira mpya iliyoletwa juzi. Sivyo. Huko Uingereza, mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Arthur Pearson, mwenye magazeti ambaye yeye mwenyewe alikuwa amepoteza macho, alianzisha mahali palipoitwa St Dunstan's kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Hakuwakusanya ili waonewe huruma. Walifundishwa kusoma Braille, kupiga chapa kwa mashine, kupokea simu, kusuka vikapu, kukanda viungo vya wagonjwa na kufuga kuku. Walipotoka waliingia katika kazi za mshahara au katika biashara zao wenyewe.

Hapa kwetu mwanzo ulikuwa karibu na huo. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha kazi ya kuwafundisha wasioona pale Thika, na mwanzo wake uliwahusu askari waliorudi kutoka vita kuu ya pili bila ya macho yao. Baadaye pakawa shule ya watoto, ambayo jina lake lajulikana mpaka leo. Mwaka 1956 Chama cha Wasioona cha Kenya kilianzishwa kwa sheria, na mwaka 1958 Machakos ikapata chuo cha ufundi cha wasioona. Mwaka uo huo wa 1958 kilianzishwa chama cha kuwahudumia wenye ulemavu wa viungo, ambacho mwaka 1969 kilifungua karakana za Bombolulu huko Mombasa. Mpaka leo jina la Bombolulu lajulikana kwa mapambo ya shingo na mikono, nguo, vinyago na kazi za ngozi. Shule za viziwi nazo zilianza Nyang'oma na Mumias mwaka 1961.

Baada ya Uhuru, mwaka 1964, iliundwa kamati iliyoongozwa na Bwana Ngala Mwendwa ili ichunguze matunzo na mafunzo ya watu wenye ulemavu. Mwaka 1968 Serikali ilitoa waraka juu ya jambo hilo, na vyuo vya kuwafundisha ufundi vikafunguliwa katika sehemu mbalimbali za nchi. Leo viko pia vyuo vya ufundi vya viziwi, kama kile cha Karen, Nairobi, na kile cha Nyang'oma. Na kile cha Sikri, ambacho hupokea viziwi na wasioona. Basi vyuo vipo, ijapokuwa havitoshi. Na swali la sasa halimalizwi na kuwapo kwa chuo. Swali ni kama mtu atokaye katika chuo huingia kazini.

NYUMBANI NDIKO KUNAKOANZA

Neno langu la kwanza ni kwa wazazi. Mafunzo ya kazi hayaanzi siku kijana aingiapo chuoni akiwa na miaka kumi na minane. Huanzia nyumbani, wakati mtoto angali mdogo. Samaki mkunje angali mbichi.

Tazameni jinsi tufanyavyo. Watoto watano wa nyumba moja hugawiwa kazi asubuhi: huyu achote maji, huyu afagie uwanja, huyu alishe kuku. Yule wa sita, kwa kuwa haoni, huambiwa, "Wewe keti, mwanangu, usije ukaumia." Maneno hayo ni ya mapenzi, wala sina shaka nayo. Lakini mtoto yule akiambiwa keti kwa miaka kumi, atajifunza kuketi, na hapana mwajiri anayelipa mshahara kwa kuketi. Mpeni kazi yake. Asiyeona aweza kumenya viazi, kuosha vyombo, kukama ng'ombe na kukunja nguo. Kiziwi aweza kutumwa dukani na fedha mkononi. Asiyetembea aweza kuchambua mchele na kuweka hesabu ya mayai. Na akikosea asikemewe zaidi ya ndugu zake, wala asisamehewe zaidi yao.

Kuna tabia tatu ambazo mwajiri huziulizia kabla hajaulizia cheti: kuamka mapema na kufika kwa wakati, kumaliza kazi uliyoianza, na kusema wazi pale usipoelewa. Hakuna chuo kinachoweza kuzipanda tabia hizo katika miaka miwili ikiwa nyumbani hazikupandwa.

Tena, mzazi aliye na mtoto ambaye hasemi, au haoni vizuri, au akili yake yakawia, asingoje. Tangu mwaka 1984 nchi hii ina vituo vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi, na kazi yake ni kuonyesha shule au mafunzo yanayomfaa kila mtoto. Mtoto apimwapo akiwa na miaka mitatu, mengi yaweza kufanywa. Apimwapo akiwa na miaka kumi na mitano, mengi yamekwisha pita.

KUCHAGUA UFUNDI

Neno la pili ni kwa walimu na vyuo. Zamani uchaguzi wa ufundi ulikuwa rahisi mno: asiyeona alipelekwa kusuka vikapu, kiziwi alipelekwa useremala, asiyetembea alipewa viatu ashone. Sisemi kwamba kazi hizo ni mbaya. Wako watu waliosomesha watoto kwa vikapu. Lakini kumchagulia mtu ufundi kwa kutazama ulemavu wake tu ni kama kumchagulia mtu viatu kwa kutazama kofia yake.

Mambo matatu yapasa kupimwa pamoja. Kwanza, kijana mwenyewe apenda nini, na mikono yake yaweza nini? Pili, mahali atakapokwenda kuishi pana soko gani? Kijana wa kijijini aliyefundishwa kazi ambayo hupatikana Nairobi tu, naye hana ndugu wa kumpokea Nairobi, amefundishwa bure. Tatu, kazi ile inaelekea wapi? Kazi ya kupokea simu iliwapa mkate wasioona wengi kwa miaka mingi, hapa na ng'ambo. Leo mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini simu na kompyuta zinazosoma maandishi kwa sauti zimefungua kazi nyingine kwa asiyeona: kuandika, kuweka kumbukumbu, kujibu wateja. Chuo ambacho hakitazami soko huwafundisha vijana wa leo kazi za jana.

Na kwa kuwa nasema juu ya kazi ya kwanza, nieleze maana yake. Ni kazi ambayo mtu aweza kuiingia bila ya kuwa amefanya kazi mahali pengine kwanza: msaidizi wa fundi cherehani, msaidizi jikoni, mfua nguo hotelini, mpanga bidhaa dukani, mtunza miche kitaluni, mfunga mizigo ghalani. Ni ngazi ya chini, kweli. Lakini hapana apandaye ngazi kwa kuanzia katikati.

KUIGAWA KAZI

Sasa nataka nikae kidogo juu ya jambo ambalo walimu wazuri wa ufundi hulijua, na ambalo wengi wetu hatukuwahi kulifikiri. Kazi tunayoiita moja, kwa kweli ni kazi nyingi ndogo zilizoshikana. Mtu wa kawaida huzijifunza zote pamoja kwa kutazama. Lakini asiyeona hawezi kutazama, na yule ambaye akili yake yakawia hutazama, lakini mambo humpita upesi. Basi mwalimu hana budi kuifungua ile kazi, kipande kwa kipande.

Tuchukue mfano wa kukunja mashuka ya hoteli. Kuyatoa kwenye kikausho ni kipande cha kwanza. Kutafuta pembe mbili ni cha pili. Kuzikutanisha na pembe nyingine mbili ni cha tatu. Kunyosha mikunjo kwa kiganja, kukunja mara ya kwanza, kukunja mara ya pili, kukunja mara ya tatu, kuliweka shuka juu ya jingine, kuhesabu kumi, kufunga. Ni vipande kumi. Mwalimu huandika vipande hivyo, kisha hutazama mwanafunzi wake anaviweza vipi, na anakwama wapi. Mara nyingi ataona kwamba vinane anaviweza tangu siku ya kwanza, na viwili tu ndivyo vinavyomtatiza. Kabla ya kuigawa kazi, tungalisema, "Kijana huyu hawezi kukunja mashuka." Baada ya kuigawa twasema, "Anakwama katika kuzikutanisha pembe." Neno la kwanza humfukuza, neno la pili humfundisha.

Iko hata njia ya kuanza kutoka mwisho. Mwalimu hukunja shuka lote mwenyewe, akabakiza mkunjo wa mwisho tu, akamwachia mwanafunzi aumalize. Kesho humwachia mikunjo miwili; kesho kutwa, mitatu. Faida yake ni kwamba tangu siku ya kwanza mwanafunzi huona kazi iliyokwisha, naye ndiye aliyeimaliza. Kwa vijana ambao tangu utotoni waliambiwa hawawezi kumaliza jambo lolote, hiyo ni dawa kubwa.

Baada ya kuigawa kazi, hutazamwa vyombo. Mara nyingi badiliko linalotakiwa ni dogo kuliko tudhanivyo. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu humshinda asiye na nguvu za miguu. Ikitiwa mkono wa kuzungushia, au mota ndogo, imekuwa yake. Utepe wa kupimia nguo humshinda asiyeona. Ukitobolewa matundu, au ukitiwa pini mahali pa kila inchi, vidole vyake vitasoma. Kengele ya kuonya hatari haimfikii kiziwi; ikitiwa taa inayowaka pamoja nayo, amejua. Anayesahau utaratibu wa kazi hubandikiwa ukutani picha za vile vipande, moja chini ya nyingine. Hata fedha zetu zimesaidia katika jambo hili: noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina alama ambazo asiyeona aweza kuzigusa na kuzitambua.

Inafaa tukumbuke kwamba yale maandishi ya Braille yenyewe yalitoka katika karakana. Louis Braille, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1809, alikuwa mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka mitatu alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, na mwishowe akapofuka macho yote mawili. Akiwa kijana mwanafunzi alitengeneza maandishi ya nukta zilizoinuka, ambazo nazo huandikwa kwa chombo chenye ncha. Mwaka 1829 aliyatoa yakajulikana. Chombo kile kile chaweza kumwumiza mtu, tena chaweza kumfungulia njia; hutegemea ni nani amefundishwa kukitumia.

KABLA HAJAMALIZA CHUO

Kosa linalorudiwa sana ni hili: kijana hufundishwa miaka miwili ndani ya ua wa chuo, akizungukwa na wenzake wa hali yake na walimu wanaomwelewa, kisha siku ya mwisho hufunguliwa lango na kuambiwa, "Nenda ukatafute kazi." Huko nje hakuna anayejua lugha ya ishara. Huko nje matatu haimngoji mwenye magongo. Huko nje msimamizi husema mara moja tu, tena kwa haraka.

Dawa yake ni kumpeleka kazini kabla hajamaliza. Afanye kazi katika karakana ya kweli, hoteli ya kweli, shamba la kweli, kwa wiki kadhaa au miezi kadhaa, na mwalimu wake awe anamtembelea. Hapo mambo matatu huonekana ambayo chuoni hayaonekani. Kwanza, huonekana kama aweza kufika: njia gani, gari gani, ashuke wapi. Asiyeona hana budi kufundishwa njia hiyo kwa fimbo yake nyeupe, mara nyingi, mpaka ajue kila mtaro na kila kona; kwani kijana anayejua kazi lakini hajui njia ya kwenda kazini hana kazi. Pili, huonekana kasi yake. Kushona shati zuri kwa siku mbili si sawa na kushona shati zuri kabla ya saa sita mchana. Tatu, mwajiri humwona yeye mwenyewe, wala haoni tena ulemavu peke yake. Waajiri wengi waliosema "haiwezekani" walisema hivyo kwa sababu hawakupata kuona ikifanyika.

Tena kijana na afanye mtihani wa ufundi ule ule wafanyao wenzake wote. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, ya chini kabisa ikiwa daraja la tatu. Mtahiniwa kiziwi apewe mkalimani wa lugha ya ishara, asiyeona apewe maswali katika namna anayoweza kuyasoma, na mwenye mkono mzito aongezewe muda. Lakini kipimo cha kazi yenyewe kisishushwe. Kiti alichotengeneza kikae imara kama kiti cha mwingine yeyote. Cheti cha huruma humsaidia siku moja tu, ile siku ya kupigwa picha.

MANENO KWA WAAJIRI

Ndugu zangu waajiri, najua mashaka yenu, na si haki kuyapuuza. Mtu mwenye duka au karakana hana fedha za kuchezea. Nitajibu mashaka matatu ninayoyasikia mara kwa mara.

La kwanza: "Ataumia kwenye mashine, nami nitalaumiwa." Mtu yeyote asiyefundishwa aweza kuumia kwenye mashine. Kiziwi aliyefundishwa huitumia mashine kwa macho yake na kwa mkono unaohisi mtetemo wake, naye hujua kwamba hana sikio la kumwonya, basi huangalia. Tieni vizuizi kwenye mashine, wekeni taa ya kuonya, acheni njia zikiwa wazi bila mabaki ya mbao wala ndoo. Mkifanya hivyo mmewalinda wafanyakazi wenu wote, si yeye tu.

La pili: "Mafundi wangu hawajui lugha ya ishara." Ni kweli, lakini hakuna aliyewaomba wawe wakalimani. Ishara za kazi moja si nyingi: leta, ngoja, haraka, hatari, vizuri, rudia, kipimo, chakula, kesho. Wiki chache zatosha kwa fundi mwenye nia kuzijua. Maagizo marefu yaandikwe katika karatasi au katika simu.

La tatu: "Itanigharimu." Pengine kidogo. Lakini hesabuni pia gharama ya mfanyakazi anayeacha kazi kila baada ya miezi mitatu, nanyi mkaanza tena kumfundisha mwingine. Mtu aliyeitafuta kazi kwa miaka mitano, milango yote ikafungwa usoni pake, si mwepesi wa kuiacha ile aliyoipata.

Nami nawaomba jambo moja jingine. Mkimwajiri, mwajirini kweli. Mpeni kazi yenye mwanzo na mwisho, mlipeni kama wenzake wa daraja lake, na akikosea mwambieni amekosea. Wako wanaomwajiri kijana mwenye ulemavu kisha wakamketisha pembeni bila kazi, ili wageni wamwone. Huko si kumwajiri. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Asiyepewa jembe hubaki mgeni milele.

SHERIA INASEMA NINI

Nitasema kwa kifupi. Mwaka 2003 Kenya ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyokataza kumnyima mtu kazi inayomfaa kwa sababu ya ulemavu wake, na iliyoanzisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2008 nchi iliuthibitisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao husema wazi juu ya haki ya kusoma na haki ya kufanya kazi. Katiba ya mwaka 2010 ikaitambua lugha ya ishara na maandishi ya Braille, na katika kifungu cha 54 ikaagiza kwamba hatua kwa hatua angalau watu 5 katika kila 100 walio katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu. Tangu mwaka 2013 asilimia 30 ya zabuni za Serikali imetengwa kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Na mwaka 2025 sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilichukua mahali pa ile ya 2003.

Sheria ni nzuri, na kila mzazi na kila kijana yapasa azijue. Lakini tusizitegemee peke yake. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1944 iliyowataka waajiri wenye watu 20 au zaidi wawe na watu 3 katika kila 100 wenye ulemavu. Waajiri wengi hawakuifuata, walioshtakiwa walikuwa wachache mno, na mwishowe mpango ule wa hesabu ukaondolewa katika miaka ya 1990. Sheria yaweza kuufungua mlango. Kinachomfanya mtu abaki ndani ni ufundi wake, pamoja na mwajiri aliyeamua kumpokea.

MIEZI YA KWANZA

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Kijana akipata kazi, sote hufurahi, tukampungia mkono, tukarudi kwenye shughuli zetu. Lakini miezi ya kwanza ndiyo ya hatari. Msimamizi amebadilishwa, na yule mpya hajaambiwa lolote. Mashine imehamishwa mahali pengine. Mfanyakazi mwenzake amemtania kwa jina baya. Basi ametoweka, na watu husema, "Si tulisema? Watu hawa hawawezi."

Kama mwalimu wake angalipita mara moja kwa wiki katika mwezi wa kwanza, na mara moja kwa mwezi baada ya hapo, akauliza maswali mawili matatu kwa mwajiri na mawili matatu kwa kijana, mambo hayo yangalitengenezwa yakiwa bado madogo. Na afadhali zaidi kama ndani ya karakana yuko mfanyakazi mmoja wa zamani aliyeteuliwa awe rafiki yake wa kazi, wa kumwonyesha choo kilipo, chakula hulipwa vipi, na ni nani wa kumwendea akikwama. Chuo kisihesabu ushindi wake kwa idadi ya vyeti kilivyotoa. Kihesabu ni wangapi bado wako kazini mwaka mmoja baadaye.

Na ninyi vijana, nisiwaache bila neno. Msikubali kuombewa mnachoweza kukifanyia kazi. Mkifika mbele ya mwajiri, msianze kwa kueleza msichoweza. Anzeni kwa kuonyesha mnachoweza. Chukueni mkononi kazi mliyoifanya: sweta mliyofuma, kiatu mlichoshona, karatasi mliyoipiga chapa. Kisha mwelezeni wazi mnachohitaji ili mfanye kazi vizuri, bila aibu na bila kuongeza chumvi. Na mshahara wa kwanza ukija, hata uwe mdogo namna gani, mgawieni mama kidogo. Hatauhitaji kwa wingi wake, ila kwa maana yake.

Basi nawaacha na kazi ya kufanya, kila mtu yake. Mzazi aliye na mtoto aliyeketi, ampe jukumu moja la nyumbani kuanzia kesho asubuhi, na aulizie kituo cha kumpima. Mwalimu aichukue kazi moja anayoifundisha, aigawe vipande, aandike. Mwajiri atazame mahali pake pa kazi na kutafuta kazi moja, moja tu, ambayo kijana kutoka chuo cha jirani aweza kuijaribu kwa mwezi mmoja. Na machifu wetu, ambao huijua kila nyumba, waulize katika baraza lijalo: ni vijana wangapi katika mtaa huu walimaliza mafunzo, na wako wapi sasa?